Doa Lililotoka Kisimani: Historia ya Meno ya Kahawia na Namna ya Kuyang'arisha

Ukitoka Arusha mjini kuelekea Moshi, ukapita Tengeru na Usa River hadi Maji ya Chai, utakutana na watu wengi wenye meno ya kahawia. Kwa wengine ni mistari myembamba iliyokatiza meno ya mbele. Kwa wengine jino zima limegeuka rangi, na lina vishimo vidogo kana kwamba limedonolewa. Wengi wao wamezoea kucheka wakiwa wameziba mdomo kwa kiganja au kwa ncha ya khanga, na kwenye picha za harusi wanafumba midomo. Ukivuka mpaka ukafika Nakuru au Naivasha, utayaona meno hayohayo.

Watu hawa wamebebeshwa lawama za kila aina. Wameambiwa hawapigi mswaki, wanatumia ugoro, wanakunywa chai kupita kiasi. Lawama hizo si za haki. Doa la namna hii limo ndani ya jino lenyewe. Chanzo chake ni maji waliyonyweshwa wangali watoto, wakati meno yao ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya. Dunia ilichukua miaka 30 ya kuulizana na kupima hadi kulifahamu hilo, na sehemu muhimu ya elimu hiyo baadaye ilitoka kwenye vinywa vya watoto wa Tanzania.

Miamba ya moto

Kisa kinaanza kabla ya binadamu. Bonde la Ufa lilipopasuka, volkano ziliinuka kandokando yake: Kilimanjaro, Meru, Ol Doinyo Lengai, Longonot, Menengai. Miamba na majivu yaliyomwagika kutoka kwenye milima hiyo yana madini mengi ya floraidi. Mvua inaponyesha, maji hupenya ardhini, hukaa ndani ya miamba hiyo kwa miaka mingi, kisha hutokea kwenye chemchemi na visima yakiwa yamebeba sehemu ya madini hayo.

Kwa kawaida kalisiamu ikiwa nyingi majini huikamata floraidi na kuituliza chini. Maji ya ukanda huu, kwa bahati mbaya, yana magadi mengi na kalisiamu kidogo, kwa hiyo floraidi hubaki imeyeyuka. Maziwa yasiyo na njia ya kutokea ndiyo yanayoonyesha ukubwa wa jambo hili. Utafiti uliochapishwa Kenya mwaka 1984 ulitaja miligramu 2,800 za floraidi katika kila lita ya maji ya Ziwa Nakuru. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5.

Hakuna anayekunywa maji ya Ziwa Nakuru. Lakini chemchemi na visima vingi vya maeneo haya vina miligramu 3, 6, hata zaidi ya 20, na mnywaji hawezi kujua. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yanaweza kumeta kwenye glasi na bado yakaharibu meno ya mtoto. Kuyachemsha hakusaidii, maana mvuke hupaa na floraidi ikabaki sufuriani, imekolea zaidi ya mwanzo.

Meno ya ukubwani huanza kujengwa mara baada ya mtoto kuzaliwa, na ukiacha magego ya mwisho, kazi hiyo hukamilika kwenye umri wa miaka 8 hivi. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, enameli, lile gamba gumu la nje, haikomai vizuri. Hubaki na vitundu vidogo mno chini ya uso wake. Jino huchomoza likiwa na mabaka meupe kama chokaa, kisha miaka inavyokwenda rangi ya vyakula na vinywaji huingia katika vile vitundu, na weupe hugeuka manjano, halafu kahawia. Ndiyo maana mzazi huapa kwamba jino la mwanawe liliota jeupe. Kweli liliota jeupe, ila lilikuwa tayari limeshadhurika.

1901 hadi 1931: daktari aliyekataa majibu mepesi

Mwaka 1901 Frederick McKay, kijana aliyekuwa ametoka tu kuhitimu udaktari wa meno, alifungua kliniki Colorado Springs, mji ulio chini ya milima magharibi mwa Marekani. Alishangaa kukuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia, mengine yamekolea kama chokoleti. Alitafuta katika vitabu vyake vya chuo na hakuona chochote. Wenyeji walikuwa na maelezo yao: nyama ya nguruwe imezidi, maziwa ni mabovu, maji yana chokaa nyingi. Mwaka huohuo daktari mmoja wa serikali ya Marekani aliyekuwa Italia, J. M. Eager, aliandika juu ya wahamiaji kutoka eneo la Napoli, chini ya volkano, waliokuwa na meno yenye mabaka kama hayo. Wawili hawa walikuwa wanaangalia jambo moja pande mbili za dunia.

McKay aliwaandikia wakubwa wa fani yake, na mwaka 1909 akampata Greene Vardiman Black, aliyekuwa mtafiti wa meno maarufu kuliko wote nchini humo. Mwanzoni Black hakuamini kwamba doa kubwa hivyo lingeweza kupita bila kuandikwa popote. Watoto wa mji walipochunguzwa, ilionekana kwamba karibu 90 katika kila 100 waliozaliwa palepale walikuwa na dalili zake. Walifanya kazi pamoja hadi Black alipofariki mwaka 1915, na wakathibitisha mambo mawili. La kwanza, mtu aliyehamia mji ule akiwa mkubwa hakupata doa, kwa hiyo madhara huingia jino linapojengwa. La pili liliwashangaza: meno hayo hayakutoboka kirahisi kama meno mengine.

Katika miaka ya 1920 McKay aliitwa Oakley, mji mdogo wa Idaho, ambako wazazi walikuwa wamegundua kitu muhimu. Meno ya watoto wao yalianza kuwa na madoa baada ya mji kuvutiwa bomba jipya kutoka kwenye chemchemi ya maji ya uvuguvugu. McKay alipima maji na hakuona kasoro. Hata hivyo aliwashauri waliache bomba lile watumie chemchemi nyingine. Wakamsikiliza. Miaka michache baadaye watoto wadogo wa Oakley waliota meno safi. Kwangu mimi hapa ndipo historia hii ilipogeuka, kwa sababu kijiji kilichukua hatua kabla ya maabara kutoa jibu, na hatua hiyo ilikuwa sahihi.

Jibu la maabara lilitokea mahali pasipotarajiwa. Mji wa Bauxite, Arkansas, ulikuwa wa wachimbaji wa kampuni ya alumini ya Alcoa, na watoto wake nao walikuwa na meno ya kahawia, ilhali wa mji jirani hawakuwa nayo. Habari hizo zilipomfikia H. V. Churchill, mkemia mkuu wa kampuni, aliingiwa na wasiwasi, kwa kuwa wakati huo kulikuwa na uvumi kwamba sufuria za alumini ni sumu. Aliagiza maji ya Bauxite yapimwe upya kwa chombo kinachotambua madini kwa mwanga wake. Mwaka 1931 majibu yalitoka: floraidi, miligramu 13.7 kwa lita. McKay alituma maji ya miji mingine yenye madoa, na kote floraidi ilikuwa juu. Mwaka huohuo watafiti wa Arizona walifikia jibu lilelile kwa kuwalisha panya.

1931 hadi 1945: kipimo cha haki

Serikali ya Marekani ilimkabidhi kazi Trendley Dean, ambaye kwa miaka kadhaa alipima maji na kuchungulia vinywa vya watoto, mji baada ya mji. Alionyesha kwamba floraidi ikiwa kama miligramu 1 kwa lita, madoa ya kuchusha hayatokei, na meno hupata kinga dhidi ya kutoboka. Tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kutia floraidi kwa makusudi katika maji ya bomba. Miaka 11 baadaye kutoboka kwa meno kulikuwa kumepungua kwa zaidi ya asilimia 60 miongoni mwa watoto waliozaliwa tangu mpango uanze.

Kwa hiyo floraidi iliyomo kwenye dawa ya meno dukani ni urithi wa utafiti wa doa. Wapo wazazi wa Arusha wanaoiogopa dawa hiyo kwa sababu ya yale waliyoyaona. Hofu yao inaeleweka, lakini chembe ndogo ya dawa juu ya mswaki, inayotemwa, haiwezi kulinganishwa na ndoo ya maji yanayonywewa mchana na usiku kwa miaka 8.

1953 hadi 1978: watoto wa Tanzania waifundisha dunia

Afrika Mashariki iliingia katika maandishi ya kitabibu kwa kuchelewa. Mwaka 1953 jarida la madaktari la kanda lilichapisha ripoti ya awali ya Williamson kuhusu ugonjwa huu nchini Kenya. Mwaka 1964 Grech na Latham waliandika juu ya kaskazini mwa Tanganyika, wakaonyesha kwamba tatizo haliishii menoni. Wanaokunywa maji hayo maisha yao yote wanaweza kudhurika hata mifupa, wakakakamaa mgongo na viungo.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1978. Watafiti wawili kutoka Denmark, Anders Thylstrup na Ole Fejerskov, walichunguza meno ya watoto waliokulia katika maeneo matatu ya Tanzania ambako maji yalikuwa na miligramu 3.5, 6 na 21 za floraidi. Walilinganisha kinachoonekana kwa macho na kinachoonekana kwa hadubini ndani ya enameli, kisha wakatunga kipimo cha ngazi 0 hadi 9. Ngazi 0 ni jino lisilo na dalili. Ngazi za chini ni mistari myeupe na mabaka ya chokaa, na za juu ni vishimo, hadi 9 ambapo sehemu kubwa ya gamba imemomonyoka. Kipimo hicho, kinachoitwa TF kwa herufi za majina yao, hutumiwa na madaktari wa meno duniani kote. Anayekitumia leo India, China au Mexico anasoma ngazi zilizopatikana kwenye meno ya watoto wa Tanzania. Jambo hili lingestahili kufundishwa katika shule za Meru.

Tangu 1974: viwango, mifupa na magadi

Serikali ilijua tatizo lakini ilikabwa na hali halisi. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha floraidi katika maji ya vijijini: miligramu 8 kwa lita. Leo kiwango hicho kinatisha. Kilitokana na mazingira ya wakati ule, ambapo kufunga kila kisima chenye zaidi ya 1.5 kungewaacha maelfu ya watu bila maji kabisa. Baadaye kilishushwa hadi 4, na katika miaka ya karibuni kikafikishwa 1.5. Katika muda huo wote vizazi vya watoto vilikua na kuota meno.

Njia ya kuyasafisha maji ilitafutwa Ngurdoto, karibu na Maji ya Chai, kwenye kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji. Oktoba 1995 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana hapo kwa warsha ya kwanza ya kimataifa ya kuzuia ugonjwa huu na kuondoa floraidi majini. Njia iliyoshika mizizi ni ya chengachenga za mifupa ya ng'ombe. Mifupa hukusanywa, huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, husagwa na kuchekechwa, kisha hujazwa kwenye ndoo yenye bomba chini. Maji yakipita taratibu humo, floraidi hunata kwenye mfupa, kwa sababu mfupa na jino vimejengwa kwa madini ya aina moja. Ufundi uko kwenye moto. Mfupa usioiva hutoa maji yenye harufu na rangi, na ulioungua kupita kiasi hupoteza nguvu ya kukamata. Nakuru nako Jimbo Katoliki liliendesha mpango wa vichujio vya namna hiyo. Udhaifu wake ni kwamba mifupa huchoka na lazima ibadilishwe, na asiyepima maji yake hajui imechoka lini.

Wakati huohuo watafiti wa Tanzania walikuwa wanaumiza kichwa na swali jingine: mbona kuna watoto wenye meno ya kahawia hata mahali ambapo maji ni salama? Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulielekeza kidole jikoni. Magadi yanayotiwa kwenye maharage, makande au mboga ngumu ili viive haraka yana floraidi, na aina nyingine huwa nayo nyingi mno. Mama anayepika kwa magadi ili aokoe kuni anamlisha mtoto doa bila kujua. Kuyaloweka maharage usiku kucha huyalainisha vilevile, na gharama yake ni maji tu.

Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Arusha, alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa kichujio chake, kinachoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya kila eneo, floraidi ikiwemo. Jiji la Arusha nalo limepata mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520, wenye visima vipya nje ya jiji. Maeneo mengine yamechelewa na kuumia. Huko Tindigani, wilayani Hai, watafiti waliandika mwaka 2013 juu ya watoto ambao miguu yao ilipinda.

1916 hadi leo: kulitoa doa

Aliyekwisha kukua na meno yake ya kahawia hufutiwaje doa? Huko Colorado Springs, mwaka 1916, daktari Walter Kane alijaribu kulitoa kwa asidi ya hidrokloriki na joto. Ilifanya kazi, ila ni kali, na jambo hilo lilisahaulika kwa miaka mingi. Mwaka 1986 Theodore Croll na mwenzake waliliboresha kwa kuchanganya asidi hiyo na unga wa jiwe la volkano.

Leo kazi hiyo huwa hivi. Daktari huzungushia meno mpira mwembamba ili asidi isiguse fizi. Huweka uji mzito wa dawa juu ya jino, husugua kwa sekunde chache, husuuza, huangalia, halafu hurudia. Gamba linalokwanguliwa ni jembamba kuliko ukucha. Doa la kahawia lililo karibu na uso wa jino linaweza kuondoka siku hiyohiyo, na baadhi ya wagonjwa hutokwa na machozi wakipewa kioo.

Njia ya kung'arisha kwa peroksaidi iligunduliwa bila kutafutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Bill Klusmier, daktari wa kunyoosha meno wa Fort Smith, katika jimbo lilelile la Arkansas, aliwapa wagonjwa dawa ya kuponya fizi yenye peroksaidi wavae usiku ndani ya trei ya plastiki. Fizi zilipona, na meno yakang'aa. Habari ilienea mdomo kwa mdomo hadi mwaka 1989, Haywood na Heymann wa Chuo Kikuu cha North Carolina walipoichapisha rasmi. Tangu hapo kung'arisha meno kumekuwa biashara ya dunia nzima. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2011 kwamba bidhaa yenye peroksaidi ya zaidi ya asilimia 0.1, hadi 6, ianze kutumiwa chini ya daktari wa meno tu, tena kwa waliofikisha miaka 18. Kwetu hapa vifurushi vya namna hiyo huuzwa mitandaoni bila hata kuulizwa umri.

Kwa meno ya floraidi peroksaidi ina mipaka yake. Hupunguza ukali wa kahawia, lakini mabaka ya chokaa hubaki, na siku za mwanzo huweza kuonekana zaidi. Ndiyo maana madaktari wazoefu huenda ngazi kwa ngazi: kusafisha kwanza ili kuondoa uchafu na madoa ya chai na tumbaku, kisha kukwangua kwa dawa, kisha kung'arisha. Kwa mabaka meupe ipo resini nyepesi inayopenya ndani ya vitundu na kuyafifisha, iliyoingia sokoni mwaka 2009. Jino lenye vishimo hujazwa kwa resini ya rangi ya jino, kazi iliyowezekana baada ya Michael Buonocore kuonyesha mwaka 1955 kwamba enameli ikiguswa kwa asidi ya fosforiki resini hushikamana nayo. Mwisho kabisa ndipo vinakuja vigamba vya kauri na kofia za meno. Ni vizuri kwa macho na ni ghali, na mara nyingi vinadai jino lipunguzwe. Lililopunguzwa halirudi, kwa hiyo kuanza na hatua hiyo ukiwa na miaka 20 ni haraka isiyo na sababu.

Mkaa, mchanga, majivu na limau haviwezi kulifikia doa hili. Mkaa na mchanga hulila gamba, limau huliyeyusha, na gamba likiisha jino huwa la manjano zaidi na kuuma kila unapokunywa kitu cha baridi. Mswaki wa mti na dawa ya kawaida vinatosha kwa usafi.

Kwa mzazi wa Meru, Hai, Nakuru au popote penye maji ya volkano: kabla hujamwachisha mtoto ziwa, uliza mamlaka ya maji kisima chako kina floraidi kiasi gani. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya, kwa hiyo hatari kubwa huanza siku mtoto anapopewa kikombe. Maji ya mvua hayana floraidi ya miamba. Tangi la paa, ingawa dogo, linaweza kumtosha mtoto mmoja kwa maji ya kunywa na ya uji hadi atimize miaka 8, mradi maji yake yavunwe kwa usafi na kuchemshwa.